Siku Kobe Alipompeleka Bintiye Mahafali

Shemeji yangu anaitwa Kobe, na msinitazame hivyo, si mimi niliyempa jina hilo. Walimpa madereva wenzake wa pale yadi, kwa sababu kila gari analoshika linakwenda mwendo mmoja tu, wa mtu aliyebeba trei ya mayai. Mpe lori, mpe pikapu, mpe gari la mkubwa gani, atalipeleka hivyohivyo. Kazi ya kubeba maiti imemtia breki mguuni. Ukiugua ukapanda naye kwenda hospitali, utapona njiani au utafia njiani, lakini kufika mapema sahau.

Alimwoa dada yangu akiwa utingo wa malori. Halafu tajiri mmoja mwenye kampuni ya mazishi akawa anatafuta dereva, na kila aliyeambiwa aligeuza shingo akaona ana shughuli kwingine. Kobe akakubali. Nyumbani kwetu ilikuwa vurugu. Mama yangu alisusa kuja kwao, akasema hakumlea binti aje aolewe na makaburi. Dada yangu yeye alicheka tu. Kobe naye akajibu kwa ile sauti yake ya chini: "Mama mkwe, abiria wangu hawana matata. Hawaniambii pita huku, hawaniambii punguza redio." Ndivyo alivyo. Utani anao, ila anautoa kidogokidogo kama dawa ya macho.

Kazi yenyewe aliifanya kwa heshima, hilo hata adui yake hatakataa. Glovu zake nyeupe alizifua mwenyewe kila jioni akazianika kwenye kamba nje ya mlango, na watoto wa mtaa wakifika hapo kwenye kamba wanatimua mbio. Na alikuwa na utaratibu wake. Akifika kwenye nyumba ya msiba hasimamishi gari ovyo. Anarudi kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma uwatazame wenyewe, anashuka, anavaa glovu, anafungua mlango ule kwa mikono miwili, anasimama pembeni, anainamisha kichwa. Hapo haongei mpaka aambiwe. Akishafunga mlango, anawaambia wafiwa neno moja: "Poleni." Mambo haya hayafikirii tena, anayafanya kama wewe unavyopiga mswaki.

Dada yangu alipokufa, binti yao ndiyo kwanza ameanza shule. Tajiri alitaka kutafuta dereva mwingine siku ile, Kobe akakataa katakata. "Nani mwingine atampeleka polepole?" alisema. Akaendesha mwenyewe, macho makavu, na sisi tukakaa kule nyuma kwenye benchi la ndugu, mimi na yule mtoto, kamkono kake kakiwa juu ya jeneza la mama yake. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Mtoto alikuwa ananipangusa kwa ncha ya gauni lake.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kumwachia. Mimi nina cherehani yangu sokoni, nikiiacha hatuli. Basi akitoka shule anapitia yadi kwa baba yake, na mahali alipopapenda ni ndani ya gari jeusi, kwa sababu ndani ya gari lile kuna baridi, kuna kimya, na benchi lina mto. Alifanyia humo hesabu zake zote za shule ya msingi. Madaftari aliyapanga pale panapolazwa jeneza. Najua, mtu akisikia anashika kifua. Sisi tulizoea. Kwetu lile lilikuwa gari la baba, basi. Lina harufu ya nta na maua, na chini ya kiti cha dereva kuna vichongeo na ganda la pipi. Mkasa wote ulianzia hapo, kwamba tulizoea.

Shuleni walimwita Jeneza. Watoto wana midomo, jamani! Lakini na yeye hakuwa bubu. "Ndiyo, baba yangu anaendesha gari la maiti," alikuwa anawaambia. "Na gari la baba yako analiendesha nani?" Akirudi anatusimulia, Kobe anacheka mpaka anafuta machozi kwa kiganja. Hakuwahi kumkana baba yake hata siku moja, kumbukeni hilo. Ila mimi nilipeleka sare shuleni kwao mara kadhaa, na nilimwona saa ya chakula. Wenzake wamejazana ukuta mmoja, yeye yuko ukuta wa pili na sahani yake. Deski lake lilikuwa la wawili, na upande wa pili ulikaa mkoba.

Ndipo ikaja mahafali. Kidato cha mwisho wakaamua kufika kwa kishindo, wakakodi gari refu jeupe la maharusi, lile wanaloliita limuzini, lenye tundu la kutolea kichwa juu. Na lilikuwa la nani? La tajiri huyohuyo. Gari la furaha na gari la msiba yalilala yadi moja, ubavu kwa ubavu. Kiranja wa darasa, mtoto wa Mama Famasia mwenye duka la dawa kona ya soko, alimwambia binti yetu mbele za watu: "Nafasi yako ipo. Tutakupitia kwenu."

Alikuja nyumbani anakimbia. Mimi nilikuwepo, namshonea Kobe mfuko wa koti. "Baba, wamesema watanipitia." Kobe akaweka kijiko chini. "Wamesema nani?" "Wote. Nafasi yangu ipo." Akarudia tena kana kwamba hatukusikia. Niwaambie kitu, mtoto yule hakuwa na tamaa ya gauni wala ya picha. Alitaka gari lisimame mlangoni petu, mtu afungue mlango, aseme sogea, kaa hapa. Alilitaka hilo tu, na alilitaka tangu alipokuwa na meno ya utoto.

Gauni nilimshonea la zambarau, sketi yake pana, nimeitia vitambaa vya ndani mpaka inasimama yenyewe. Niliacha kazi za watu, wakanitukana, nikatia pamba masikioni. Kobe naye, siku ya siku, akaenda yadi kuliosha gari jeupe. Haikuwa kazi yake. Dereva wa gari lile ni kijana mmoja anaitwa Maridadi, nywele mafuta, viatu vyenye ncha, alikaa juu ya tairi akimcheka. "Mzee Kobe, unalisugua kama linakwenda kuolewa lenyewe!" Kobe akasema: "Leo linambeba mama yangu." Bintiye humwita mama, tangu dada yangu afariki. Alifuta mpaka mikanda ya viti, mmoja mmoja.

Jioni tukatoka nje kungoja, jua halijazama. Majirani nao wakatoka, maana limuzini haijawahi kuingia mtaa wetu. Binti amesimama kizingitini, amekishika kimkoba kwa mikono miwili. Kobe amevaa shati la sikukuu. Tukalisikia kabla ya kuliona, honi na muziki, halafu likakata kona, jeupe, refu, vichwa vinne vitano vimechomoza juu. Moyo wangu ukafurahi, siwafichi. Likapunguza mwendo. Binti akainua mkono.

"Twende, twende!" Sauti ya kike, kutoka juu ya gari. "Huyo anapanda la kwao!"

Wakacheka wote. Mkono ukapiga bati la juu, paa paa paa, na Maridadi, ambaye mguu wake ulikuwa tayari kwenye breki, akamtazama Kobe, akapandisha mabega, akakanyaga mafuta. Walikuwa wateja wake, angefanyaje. Lakini mimi sijamsamehe mpaka kesho. Binti aliushusha ule mkono polepole, akajitengeneza nywele nao, kama vile aliuinua kwa ajili ya nywele.

Jirani mmoja alijitia kumwita mtoto wake, wengine wakaingia ndani wakijikunakuna. Damu ilinichemka nikaona giza. Kobe alisimama akiangalia vumbi. Halafu akasema, "Nisubirini," akaondoka kwa miguu kuelekea yadi, nami nikajua anakwenda kuleta nini.

Alipolileta nilimrukia dirishani. "Shemeji, umerukwa na akili? Unampeleka mtoto mahafali na hili?"

"Gari ni gari, shemeji. Lina magurudumu, na mimi ndiye dereva."

"Tutafute teksi!"

"Teksi zote ziko hukohuko shuleni leo. Na kwa miguu atafika gauni limekuwa la udongo."

Nikamgeukia mtoto aniunge mkono. Kidevu kilikuwa juu, kile kidevu cha marehemu dada yangu, na nikijua kidevu kile kikipanda hakishuki. "Wamesema nipande la kwetu," akasema. "Napanda la kwetu."

Kiti cha mbele kilimkataa, sketi ilikuwa pana mno. Tukaingia nyuma, mimi na yeye, tukakaa kwenye benchi la ndugu, gauni limefunika sakafu yote pale panapolazwa wenyewe. Kobe akawasha taa, maana gari lile haliendeshwi bila taa hata mchana, akaondoka kwa mwendo wake.

"Kanyaga basi!" nikamwambia.

"Hili halikimbizwi," akajibu.

Mwajua watu walivyo wakiliona gari hilo. Mwuza matunda alivua kofia. Mwenye baiskeli alishuka akasimama nayo pembeni. Gari kubwa la mchanga lilitupisha, dereva wake ameinamisha kichwa. Binti aliyatazama hayo kupitia pazia, na ghafla akaanza kucheka. "Mama mdogo, ona! Wananisimamia." Nami nikacheka, mbavu zikaniuma, na mbele kule niliyaona mabega ya Kobe yakitikisika. Sisi watatu tulicheka ndani ya gari la maiti mpaka karibu na shule.

Sasa sikilizeni lililotuponza. Limuzini haikwenda shule moja kwa moja. Walioikodi walitaka kuzungushwa mjini kwanza, wakapigwe picha. Sisi tulifuata njia iliyonyooka, tukawatangulia. Na pale shuleni wazazi walikuwa wamejipanga uwanjani, simu mkononi, wanalingojea gari refu lenye watoto wao. Gari refu likaingia, likiwa jeusi.

Askari wa getini alivua kofia akafungua bila kuuliza. Nikasikia muziki unakatwa. Na Kobe, badala ya kusimama tu getini tushuke kama watu, akafanya anachofanya siku zote. Mikono yake iliamua yenyewe. Akalizungusha gari katikati ya uwanja, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye ngazi za ukumbi, mlango wa nyuma ukiwatazama wazazi. Akashuka. Akavaa glovu. Akafungua kwa mikono miwili, akasimama pembeni, akainamisha kichwa.

Kwanza simu zote zikashuka. Halafu mwanamume mmoja akasema, si kwa kelele, akasema kama anauliza: "Watoto?" Na mwingine: "Gari limepata ajali! Watoto wetu!"

Kilio nilichokisikia hapo nisingependa kukisikia tena. Watu wazima walishika vichwa wakazunguka wasijue waendako. Mama Famasia, mwanamke wa kujiheshimu, hatembei bila manukato, alitupa viatu akaja anakimbia peku, akaanguka, akatambaa. "Mwanangu! Mwanangu mimi! Mungu, nichukue mimi!" Akaushika ukingo wa gari, akainua uso wake uliojaa michanga na machozi achungulie ndani.

Akamkuta binti yetu, amekusanya gauni la zambarau, mguu mmoja umeshatoka kushuka.

Wakatazamana. Mama Famasia akahema, akajifuta uso kwa kiganja, akacheka kidogo. Akawageukia wenzake. "Mungu ni mwema," akasema. "Kumbe ni huyu tu."

Huyu tu! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele zenu, na sidhani kama aliyasikia, maana saa ileile honi ikalia na limuzini ikaingia na muziki wake, vichwa vimechomoza juu, wazima wote. Wazazi waliikimbilia. Walikumbatia watoto, wakawabusu, wakawashika mikono na miguu kama wanawahesabu viungo. Watoto wenyewe walishangaa. Walipokwisha kushiba kukumbatiana ndipo wakatugeukia sisi. Mkosi mkubwa! Umewatabiria watoto wetu kifo, mzee! Ondoa uchuro wako hapa! Jiwe moja lilipiga bati, sijui la nani.

Mwalimu mkuu akaja mbiombio, jasho linamtoka. Hakuwa mtu mbaya. "Mzee, nakuomba uondoe gari, wananchi wamechafuka. Binti abaki, ni haki yake. Ila apitie mlango wa nyuma kwanza, mpaka watu watulie."

"Ahsante, mwalimu," binti akasema. "Mlango wa nyuma mmoja kwa siku unanitosha."

Akaurudisha mguu ndani. Kobe alibaki amesimama na glovu zake, hajui mikono aipeleke wapi. Nadhani alitaka kumwomba bintiye radhi na hakujua pa kuanzia. Mwishowe akaufunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, bila kishindo, na mdomo ukasema uliyoyazoea.

"Poleni," akatuambia.

Tukarudi kwa njia ileile. Watu walivua kofia tena, wakashuka baiskeli tena, binti akavuta pazia. Nyumbani alivua gauni akalikunja vizuri akanikabidhi. Hakulia. Nilimwambia lia, mwanangu, usijibane. Akasema: "Mama mdogo, ulimsikia yule mama alivyolia? Alimlilia mtoto ambaye hata hakuwemo. Mimi niliyekuwemo, wakashukuru." Mimi ndiye niliyelia. Nje, baba yake alikaa kwenye kigoda, glovu bado ziko mikononi.

Wazazi walikwenda kumshitaki kwa tajiri. Tajiri alifoka akapiga meza, akatishia kumfukuza, kisha akanywea. Amfukuze, gari amwachie nani? Maridadi? Kobe aliendelea na kazi. Hata Mama Famasia alipofiwa na mumewe, ni Kobe aliyekwenda, akarudi kinyumenyume, akafungua, akainamisha kichwa, akasema poleni. Nilipomsema kwa nini hakuwaachia wajitafutie gari, aliniambia tu kwamba marehemu hakumkosea.

Binti alipata matokeo yake akaondoka, mji wa mbali, kazi ya kuandikisha wagonjwa hospitalini. Ananipigia simu mimi. Baba yake anamsalimu kupitia kwangu. Akija, na haji mara nyingi, anazunguka kwa nyuma ya soko asipite mbele ya yadi. Kobe anajua. Hajawahi kuuliza.

Juzi alikuja na mchumba. Kijana mwema, fundi umeme, mwenye adabu, amebeba zawadi mpaka anapepesuka. Tukakaa barazani kwa Kobe, nikamimina chai. Kijana akatazama huku na huku kama afanyavyo mgeni anayetafuta la kusema, akaziona glovu kwenye kamba.

"Mzee, hizo ndizo za kazi?" akauliza, uso umechangamka. "Ametuambia nyumbani kwetu kwamba baba yake ndiye anayeendesha magari ya maharusi hapa mjini."

Niliweka birika chini. Binti alikuwa anatazama vidole vyake. Shingo ilimwiva. Yule aliyekuwa anawauliza wenzake, la baba yako analiendesha nani, alikaa pale ameinamisha kichwa, na sijawahi kumwona amefanana na baba yake kama alivyofanana naye wakati ule.

"Ndiyo, mwanangu," Kobe akasema. "Ndiyo kazi yangu."

"Basi siku yetu hatuna wasiwasi wa gari! Utatuendesha mwenyewe, mzee?"

"Nitawaendesha. Nitaliosha mwenyewe." Akazitazama glovu. "Ila mimi nakwenda polepole."

Kijana akacheka sana, akafikiri ni utani. Kobe akainuka, akazitoa glovu kwenye kamba, mbichi vilevile, akazitia mfukoni. Binti akaanza kukusanya vikombe, na chai ilikuwa bado imo.